Mama Jokébed na Bakubwa Waliokwisha

Tarehe 29 mwezi wa sita mwaka huu wa 1968, Mama Jokébed Vagheni anaacha kazi katika Nyumba ya Vitabu ya Butembo, baada ya kuitumikia kwa miaka ishirini na saba. Aliingia mwaka 1941 kama mfagiaji. Anatoka akiwa mtunzaji mkuu. Kati ya ufagio na ufunguo tumeona ukoloni ukiondoka, uhuru ukiingia, maasi yakipita, na amani hii ya sasa inayotembea na bunduki begani. Wakubwa wa kila kimo walikuja wakaenda zao. Yeye alibaki palepale akipangusa vumbi.

Kamati ya Wazazi imetuomba sisi wafanyakazi wenzake tuandike maneno machache ya kumuaga, na imetuomba pia tusimuudhi mtu yeyote. Ombi la kwanza tumelikubali kwa moyo wote.

Mama Jokébed alizaliwa Masereka, kule juu ambako ukungu hauna haraka ya kuamka na viazi hukua kwa ubishi. Wazazi wake walikuwa wakulima, Waprotestanti wa kwanza wa kilima chao. Alijifunza kusoma kanisani, akashuka Butembo kutafuta kazi, akapewa ufagio katika Nyumba ya Vitabu, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya misheni. Aliyeisimamia alikuwa mmisionari mmoja kutoka Uswisi, mwanamke mrefu na mkali, ambaye mji mzima ulimwita Mademoiselle. Siku moja Mademoiselle alimkuta mfagiaji wake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitabu cha picha kiko magotini, watoto wamemzunguka mpaka mlangoni, na sakafu haijaguswa. Alisimama akasikiliza mpaka hadithi ikaisha, kisha akachukua ufagio akafagia mwenyewe. Muda mfupi baadaye aliajiriwa mfagiaji mwingine.

Mwaka 1946 Mademoiselle alirudi kutoka likizo kwao akiwa na kitabu ambacho bila hicho wasifu huu ungekuwa mfupi sana. Kilikuwa kikubwa, mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukibeba peke yake. Jalada lake lilikuwa la kijani, na juu yake palichorwa mnyama mwenye pembe tatu, akimkazia macho msomaji kama mtu aliyekuja kudai kodi. Ndani, kila ukurasa ulikuwa na picha ya wanyama wa kale sana, wale ambao wataalamu wa Ulaya huwaita dinozori, walioijaza dunia wakati hapakuwa bado na mtu wa kuwaogopa. Chini ya kila picha kulikuwa na mistari michache ya Kifaransa, pamoja na majina ya kuvunja meno.

Jumamosi ya kwanza Mama Jokébed alipokifungua, watoto walijisogeza mpaka vichwa vikagongana. Kisha msichana mmoja akauliza hawa ni nani. Majina ya kitabuni yangeimaliza asubuhi nzima, na hakuna ambaye angeyakumbuka kufikia mchana. Basi akajibu kwa lugha ya sokoni, ambayo wote waliielewa, kwamba hawa ni bakubwa. Bako wapi sasa? Balikwisha. Na nani alibakia? Jibu lilikuwa katika ukurasa wa mwisho: bwawa lililokauka, mifupa imetapakaa, na chini ya jani moja kanyama kadogo kenye manyoya, kakichungulia. Badogo, alisema Mama Jokébed. Badogo ndio walibakia.

Watoto walirudi nyumbani wakiimba maswali hayo na majibu yake, na Jumamosi iliyofuata somo lilikuwa tayari na jina na wimbo. Hakuna aliyekusudia siasa. Lakini kwa Kiswahili chetu cha huku, mukubwa ni mwenye mwili mkubwa, na mukubwa pia ni mwenye ofisi, kofia na muhuri. Neno ni lilelile. Taabu zote mtakazosoma hapa chini zilitoka humo, na tunaamini Mama Jokébed aliligundua jambo hilo mapema kuliko sisi sote. Hakubadilisha kitu, maana neno lilimpendeza.

Kitabu hicho hakikukaa Butembo tu. Kilikuwa na sanduku lake la mbao, na sanduku lilikuwa na nafasi yake katika lori la Bwana Ramazani, mfanyabiashara Mwislamu wa Beni, ambaye tangu wakati huo mpaka leo amelibeba pamoja na chumvi yake, vitambaa vyake na makayabo yake. Lilikwenda Beni na Mangina, likapanda Masereka, likashuka mpaka Luofu. Mwandishi wa maneno haya alikuwa mtoto huko Luofu, na hadi leo akisikia harufu ya samaki wa chumvi anakumbuka mnyama mwenye shingo ndefu, kwa sababu kitabu na makayabo vilifika pamoja na vilinukia pamoja.

Kila mahali palikuwa na namna yake ya kukisoma. Watoto wa Masereka, ambako baridi ni baridi, waliwahurumia wanyama wale kwa kutembea bila nguo. Sisi wa Luofu tuliuona mlima unaotoa moshi nyuma ya picha, tukajua mara moja kwamba mambo yale yalitokea upande wa Goma, na mwalimu wetu hakuweza kututoa katika imani hiyo. Mangina, ambako msitu unaanza mlangoni, hakuna aliyeshangaa hata kidogo. Walisema huyo wa shingo ndefu ni babu yake okapi, na mwindaji mmoja akaapa kwamba alishawahi kuona nyayo zake, ila siku hiyo alikuwa na haraka.

Mlangoni palikuwa na beseni la maji, na asiyenawa hakugusa ukurasa, awe mtoto wa mlima au mtoto wa mwenye duka. Hata hivyo kulikuwa na yule mwenye meno, ambaye kila mtoto alitaka kumtia kidole mdomoni ili aonyeshe kwamba haogopi. Vidole vilikuwa vingi mno, karatasi ikatoboka, na mdomoni mwa mnyama ukaonekana mgongo wa mnyama wa ukurasa wa pili. Mama Jokébed alibandika karatasi mpya kwa nyuma, akachora meno yaliyopotea kwa kalamu yake mwenyewe, na akamwongezea mengine ambayo Wazungu walikuwa wamesahau kumpa. Tulimpenda zaidi baada ya matengenezo.

Wa kwanza kulalamika hakuwa serikali. Alikuwa Mzee Ézéchias wa kanisa, mtu mwema aliyeijua Biblia yake kuliko shamba lake. Alikuja na swali zito: kama wanyama hawa waliumbwa, mbona Nuhu hakuwaingiza safinani? Wazazi walikuwa wamejaa chumbani, na Mademoiselle mwenyewe alianza kutafuta jibu kwa Kifaransa. Mama Jokébed hakuinua hata macho kutoka kwenye gundi aliyokuwa akikoroga.

"Bakubwa balikataa kuinama ku mulango," alisema.

Mzee Ézéchias alicheka mpaka akaomba kiti. Tangu siku hiyo alihubiri jambo hilo Jumapili nyingi, bila kusema alilitoa wapi.

Mwaka 1958 ilikuwa zamu ya afisa wa Kibelgiji, aliyekisikia kile kiitikio kupitia dirisha la ofisi yake akakielewa nusu yake iliyo mbaya. Alimwita Mama Jokébed na kumuuliza ni wakubwa gani hao waliokwisha. Mama Jokébed alikuwa amekwenda na kitabu, akakifungua mbele yake. Afisa alitazama, akacheka, akaendelea kufungua kurasa, kisha akaacha kucheka. Akaagiza kwamba kuanzia hapo watoto waseme "wanyama wa zamani". Mama Jokébed aliitikia "ndiyo, Bwana" kwa heshima zote, na Jumamosi akafundisha kama kawaida. Muda si mrefu afisa mwenyewe alikuwa anafunga masanduku yake, na hatuna habari zake zaidi.

Kabla ya uhuru ghafla tulipata marafiki. Watu wa chama walikuja na gari la kipaza sauti, wakawapakia watoto wetu, wakawapeleka uwanjani waimbe. Watu wazima walishangilia mpaka sauti zikakauka. Bakubwa bako wapi? Balikwisha. Hakuna hotuba ya mwaka ule iliyolifikia jibu hilo. Baada ya miezi michache wale wale waliokuwa kwenye gari walikuwa wameketi kwenye viti, na mmoja wao akatuma ujumbe kwamba wimbo ule ulikuwa mzuri lakini sasa umemaliza kazi yake. Mama Jokébed alijibu kwamba Jumamosi haijamaliza kazi yake.

Mwezi wa saba mwaka ule wa 1960, Wazungu walipokuwa wakikimbilia Uganda kwa njia ya Kasindi, Mademoiselle alipita Nyumba ya Vitabu na gari lake likinguruma mlangoni. Alikitoa kitabu kwenye sanduku, akakikumbatia kwa muda, akakirudisha. Alisema ni kizito mno kwa safari. Sote tuliona kwamba kiti cha nyuma cha gari kilikuwa kitupu. Akamwachia Mama Jokébed ufunguo, na Kamati ya Wazazi, Waprotestanti na Waislamu pamoja, ikaichukua nyumba ili isifungwe. Mambo hayo yanasemwa kwa kifupi, lakini siku ile tulilia, na Mama Jokébed alilia kuliko sisi.

Tunafika mwaka 1964, na hapa tunaandika taratibu. Waasi walipoingia mjini, kila mwenye miwani aliivua na kila mwenye kalamu aliizika. Kamanda wao mmoja alikisikia kiitikio chetu, akakipenda sana. Naye alitaka watoto waimbe uwanjani, na waliimba. Kisha kamanda akajipa cheo, akajipa kiti, akajipa kofia ya ngozi ya chui, na siku moja alipopita sokoni watoto walifanya kile ambacho watoto hufanya wakiona kofia. Alimwita Mama Jokébed. Alimwambia kwamba anamtukana kupitia vinywa vya watoto, na kwamba akikiri kosa na kubadilisha neno, atarudi nyumbani salama.

"Hiki kitabu hakijue jina yako, mukubwa," Mama Jokébed alimjibu mbele ya watu wote. "Ni weye mwenyewe ulijiona mule ndani."

Alipigwa palepale uwanjani, mpaka mkono wake wa kulia ukavunjika. Husemwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alivunjika mkono, na bado hakusikia. Jumamosi iliyofuata mkeka wa watoto ulitandikwa. Wazazi wengi waliwafungia watoto wao ndani, na hatuwalaumu, lakini wachache walikuja, na kwa hao wachache alifundisha somo zima, mkono umefungwa kwa vipande vya mwanzi, akifungua kurasa kwa mkono wa kushoto. Mkono ule wa kulia haukunyooka tena vizuri. Wageni wanaodhani kwamba amezaliwa shoto, sasa wajue.

Kamanda naye alikwenda zake, wakaja askari wa serikali, na kwa kuwa walikuwa wanatafuta kitu kwa kila mtu, walitafuta pia katika lori la Bwana Ramazani, kwenye kizuizi cha njia ya Mangina. Waliteremsha magunia, wakafika kwenye sanduku. Askari alifungua kitabu, akakutana uso kwa uso na yule mwenye meno. "Oyo nyama nini?" aliuliza kwa Kilingala, akitaka kujua huyu ni mnyama gani. Bwana Ramazani ni mtu mkweli, anaswali kwa wakati, lakini siku hiyo alielewa kwamba lile neno letu lingeweza kumlaza jela.

"Chef, ni mamba ya Bazungu," alisema, akimpandisha cheo kidogo.

Askari alifikiri, akasema ndiyo maana walikimbia, akafunga kitabu kwa uangalifu sana. Bwana Ramazani alimsimulia Mama Jokébed habari hiyo kwa furaha, naye akamkasirikia siku kadhaa. Alisema kwamba mtu aliyebeba sanduku miaka yote hiyo hana ruhusa ya kusema mamba. Walipatanishwa na mtoto wake Bwana Ramazani, Nasiba, ambaye alikua akisafiri amekaa ubavuni mwa sanduku lile na aliyejifunza kusoma humo kabla ya kuingia shule.

Nasiba huyo sasa ni mwalimu, na ndiye ambaye Mama Jokébed alimchagua kushika nafasi yake. Baadhi ya waumini walinung'unika, wakiuliza itakuwaje binti wa Kiislamu atunze nyumba ambayo nusu ya rafu zake ni nyimbo za kanisa. Mama Jokébed aliwajibu kwamba hata dinozori hawakubatizwa. Jambo likaisha hapo, na tuliamini kwamba tulichobakiza ni kupika na kupamba ukumbi.

Tulikosea. Mwezi wa tano, watoto walipokuwa wakijizoeza uwanjani kwa ajili ya sherehe hii, lilipita gari la Bwana Zorobabel, mjumbe wa ofisi moja ya juu ambayo hatutaitaja, maana nayo ina masikio. Yeye ni mgeni wetu wa heshima leo. Alisimamisha gari, akasikiliza. Siku ya pili alikuja Nyumba ya Vitabu, akanywa chai, akauliza habari za mkono wa Mama, akazungumza kwa adabu kubwa. Hakupiga kelele, hakuleta askari. Alisema tu kwamba nyakati zimebadilika, kwamba nchi sasa ina mukubwa mmoja, na kwamba wimbo wa namna hiyo hauwezi kurithishwa kwa mtunzaji mpya. Mama achague: aache neno, kitabu kibaki, au abaki na neno, kitabu kichukuliwe na ofisi.

"Mama, sema tu banyama ba zamani," alimwambia. "Hilo ni neno tu, lakini kitabu ni kitabu."

Tuliwahi kuona vitisho. Adabu hii ilitutia hofu zaidi, kwa sababu ilikuwa na akili. Bwana Zorobabel alijua vizuri kwamba kitabu kile kilikuwa maisha ya Mama Jokébed. Hana mtoto, ana kitabu. Alikibandika, alikishona mgongo mara nyingi kuliko alivyoshona nguo zake, alikificha darini wakati wa waasi na chini ya kitanda wakati wa askari. Kumwambia achague kati yake na neno moja la sokoni ilikuwa kumwambia akubali, na akubali kwa hiari yake, jambo ambalo mkono uliovunjika haukumfanya alikubali.

Kamati ilikutana. Mwenyekiti wetu, Mzee Ananie, ni mtu wa busara na hatumcheki kwa ushauri wake. Alisema kwamba neno ni bure na kitabu hakipatikani tena. Kwamba watoto watasema wanyama wa zamani mbele ya ofisi, na nyumbani waseme wanavyotaka. Kwamba mti unaoinama hauvunjwi na upepo. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Bwana Ramazani alisema kwamba yeye atabeba chochote watakachompa, hata sanduku tupu. Nasiba alisema kwamba amejaribu nyumbani kulifundisha somo kwa maneno mapya, mara tatu, na kila alipofika "wanyama wa zamani wako wapi" wadogo zake walimuuliza kama anaumwa.

Kisha wote wakamgeukia Mama Jokébed. Aliuminya mkono wake mbovu kama afanyavyo mvua ikikaribia.

"Kitabu kilitoka kwa bengine, na bengine banaweza kukikamata," alisema. "Lakini neno ni ya sisi. Tuliitoa hapa, ku mukeka. Nikiitoa kwa mukono yangu, ntabakia na nini?"

Mzee Ananie alimuuliza kama anaelewa kwamba hatakiona tena kitabu hicho. Alisema anaelewa. Hakuna aliyepiga kura. Mwandishi wa wasifu huu alitoka nje akapiga mlango teke, na anawaomba radhi wenye mlango, si wengine.

Jumatatu Mama Jokébed alinawa mikono katika beseni, akakifunga kitabu kwa kitenge kipya, na akatoka nacho. Tulimwambia kwamba Bwana Ramazani atampeleka kwa lori, akakataa. Alipita katikati ya barabara kubwa, mchana, kitabu kiko kwenye mkono wa kushoto, mbele ya maduka yote. Wanawake wa mboga walisimama. Wengi wao walikuwa wamewahi kukaa kwenye mkeka ule, na sasa watoto wao wanakaa. Njia ilifunguka mpaka mlangoni mwa ofisi.

Bwana Zorobabel alimuuliza kama ana hakika. Mama Jokébed alimwambia kwamba kabla ya kukipokea, anawe mikono. Kisha mjumbe wa ofisi ya juu alikwenda uani kutafuta maji, akarudi na mikono yenye majimaji, akaifuta kwenye suruali yake nzuri, akapokea. Kitabu kiko huko sasa. Hatujui kama kuna mtu anayekifungua.

Wasifu wa mstaafu huhesabu mafanikio, nasi tusikose adabu. Waliojifunza kusoma kutoka sanduku lile leo ni walimu, wauguzi, makarani, madereva, wakulima wanaosoma bei wenyewe badala ya kusomewa na mnunuzi. Vitabu vya Nyumba ya Vitabu vimeongezeka mara nyingi tangu misheni iondoke, na havikuibwa, katika mji ambao hata milango iliibwa. Ofisi ile ya juu ikitaka kuyaandika haya katika taarifa yake, tunairuhusu.

Lakini mafanikio makubwa ni ya Jumamosi iliyopita, na ndiyo tunayotaka yakumbukwe.

Tulidhani watoto hawatakuja. Habari ya kitabu ilikuwa imefika kila nyumba, na mtoto hakai kwenye mkeka kutazama ukuta. Walikuja wengi kuliko siku zote, mpaka wengine wakasimama dirishani. Nasiba aliketi mbele, kwenye nafasi ya mtunzaji, kwa mara ya kwanza. Mama Jokébed, ambaye hakutaka kumsumbua, alikaa kati ya watoto, mstari wa pili. Kisha Nasiba akafungua viganja vyake viwili, akaviweka magotini kama vimebeba kitu kizito, akauliza ni nani huyu wa ukurasa wa kwanza.

Walimwambia. Walimwambia pembe zake, na namna anavyotazama. Nasiba akafungua, wakamwambia wa pili. Walibishana mkia ulielekea upande gani, na watoto wawili karibu wapigane juu ya rangi ya tumbo. Mmoja mwenye shangazi Mangina alisimama kumtetea babu yake okapi. Walipofika kwa yule mwenye meno, walihesabu meno yote, pamoja na yale ya Mama Jokébed. Nasiba alikuwa anageuza kurasa kwa mkono wa kushoto, hivyo ndivyo alivyojifunza, na hakuna aliyemwambia kwamba hapakuwa na kurasa.

Hapo ndipo kasichana kamoja ka mstari wa nyuma, ambaye jina lake hatukulishika, kalimgusa Mama Jokébed begani.

"Mama, songa kidogo," kalimwambia. "Hatuone."

Mama Jokébed aligeuka akamtazama. Akaitazama ile mikono mitupu ya Nasiba pale mbele. Kisha akasonga.

Bwana Zorobabel, kiti chako kiko mbele, na watoto wataimba kama walivyojizoeza. Unakaribishwa kwa moyo mweupe. Chakula kipo cha kutosha. Ukiona kuna mtu anatajwa katika wimbo, tafadhali usitutafute sisi.

Na wewe, Mama Jokébed, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa Jumamosi zetu, kwa mkono wako, na kwa lile ulilokataa kulitoa. Rudi kwenye viazi vya Masereka, lala mpaka ukungu uondoke, kula vizuri, gombana na majirani kwa afya, na Mungu akupe miaka mingi ya kutomtii mtu. Umetusongea kidogo ili tuone. Inatosha hapo, Mama, usiende mbali.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa Nyumba ya Vitabu,
Kambere, mwalimu